Apolonia na Mikanda ya Namkombe

Apolonia binti Rafaeli bin Nangonga. Jina hilo husemwa lote, halikatwi katikati. Nangonga, babu yake, ndiye aliyewaambia askari wa Mjerumani kwamba mabega yake yameumbwa kubeba wanawe, si pamba ya serikali. Akachapwa viboko ishirini na tano, na kesho yake akarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Bibi yake, katika njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, alichimba mizizi ya ming'oko porini akalisha watoto wake watano na wawili wa jirani, wala hakuzika hata mmoja. Rafaeli, baba yake, alichukuliwa kariakoo, kubeba mizigo ya jeshi, katika vita vya kwanza, akarudi kwa miguu huku amembeba mgongoni mwenzake aliyeugua njiani. Waliomwona akiingia kijijini walidhani ni mtu mmoja mwenye vichwa viwili.

Apolonia mwenyewe, kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano, alikuwa ameshamvusha mama yake mto Matandu maji yakiwa kifuani, ameshazika mume, na ameshamkatalia shemeji aliyetaka kumrithi pamoja na mbuzi. Ndipo akapanda mlima wa Namkombe, kifurushi kichwani, kuomba kazi katika hospitali ya misheni. Masista walimwuliza anajua nini.

“Najua kumwosha mgonjwa bila kumfanya aone haya,” akasema.

Wakampa kazi. Hakuwa nesi, maana hakuwa na cheti. Hakuwa dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano, maana madresa walikuwa wanaume na walivaa kaptura nyeupe zilizonyooshwa kwa pasi. Alikuwa mtu wa wodi, basi. Lakini mgonjwa aliyezinduka Namkombe hakuuliza dresa yuko wapi. Aliuliza Mama Apolonia yuko wapi.

Sasa sikilizeni habari ya mikanda.

Mwaka ule, wa tatu baada ya vita vya Hitla, mvua zilikuwa nyingi na homa zikawa nyingi kuliko mvua. Kuna homa inayolala mwilini na kuna homa inayopanda kichwani. Hii ya kichwani humwinua mtu mzima kitandani, akapigana na asiowaona. Masika yale Gregori, mkulima wa Tingi, aliinuka kama mtu aliyeitwa jina, akatembea hadi barazani, akaanguka ngazi nane za mawe. Kesho yake alikufa, si kwa homa, kwa ngazi. Apolonia alikuwa zamu siku ile, ameinama kisimani akiteka maji. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba Apolonia alikataa wagonjwa kufungwa. Yeye ndiye aliyemwambia Sista Romana, mkuu wa hospitali, “Sista, wengine lazima tuwafunge, la sivyo tutawaokota chini.”

Sista Romana akaandika barua Ulaya. Ikapita miezi. Siku moja lori la misheni likaja kutoka Lindi na sanduku, na ndani ya sanduku mikanda minne ya ngozi nene, ya rangi ya asali, kila mmoja na bizimu la shaba na kikufuli. Ufunguo ulikuwa mmoja, mdogo kama jino la mtoto.

Leonadi, dresa wa wodi ya wanaume, aliupokea ule ufunguo akautia kwenye mnyororo wa saa yake. Alikuwa kijana mzuri, Leonadi, mwenye mkono mwepesi wa sindano, ila alipenda vitu vinavyong'aa.

“Mama Apolonia,” akasema, “kwa mikanda hii mtu mmoja analinda wagonjwa kumi.”

“Na akilala usingizi analinda ishirini,” akajibu Apolonia.

Watu wakacheka. Leonadi hakucheka.

Haukupita mwezi, Sista Romana akashuka Lindi kwa mafungo ya sala ya siku tano, hospitali akaiacha mikononi mwa Leonadi. Kesho yake asubuhi wakaingia watu wa Miteja na machela. Walikuwa wametembea tangu usiku wa manane kukwepa jua. Juu ya machela alikuwa Bakary, kijana wa miaka ishirini na mbili, mtoto pekee wa Biasha binti Mahadhi. Mbele ya machela alitembea mjomba wake, Mzee Mfaume, kaka yake Biasha, shavu limevimba kwa ngumi aliyopigwa na mpwa wake njiani. Biasha mwenyewe alikuwa nyuma. Alikuwa amebaki kusaga unga wa uji, angefika baadaye.

Bakary alikuwa akipiga kelele kwamba nguruwe wameingia shambani. Wanaume wanne walimshika, naye akawatikisa kama mtu anayekung'uta mkeka. Kidevu chake kilijigonga kwenye chuma cha kitanda kikapasuka. Leonadi akamchoma kwinini, akafunga mikanda mikono miwili na miguu miwili, akabana, akapiga kufuli. Akajipangusa jasho. Kazi ikaonekana imekwisha. Mzee Mfaume naye, kwa uchovu, akaenda kulala kivulini nyuma ya jiko.

Apolonia asubuhi hiyo alikuwa wodi ya wazazi, na mwanamke wa Kikole aliyekuwa anajifungua pacha. Alipomaliza jua lilikuwa utosini. Akaingia wodi ya wanaume kuangalia nani kala na nani hajala. Bakary alikuwa bado anavuta, lakini kwa mkono mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umetulia. Apolonia hakupenda utulivu ule. Akasogea. Mkono ulikuwa umevimba hadi ngozi ya mkanda imezama ndani ya nyama, na vidole vilikuwa vya baridi, rangi ya zambarau. Akakibinya kidole gumba. Damu haikurudi pale alipobinya.

“Leonadi yuko wapi?”

“Ameshuka njia panda kwa kinyozi,” akasema mgonjwa wa kitanda cha pili.

“Na ufunguo?”

“Uko na saa yake. Na saa iko na yeye.”

Mtu mwingine angetuma mtu njia panda, akasubiri. Apolonia alikwenda jikoni, akachukua kisu cha kuchinjia mbuzi, akakinoa kwenye jiwe mara nne, akarudi. Akapitisha vidole vyake mwenyewe viwili kati ya ngozi na mkono wa Bakary, kisu kikiteleza kimkate yeye. Kikamkata kweli, kidogo. Akakereza ngozi ile ya Ulaya hadi ikaachia. Kisha akahamia mkono wa kushoto, kisha mguu, kisha mguu. Mikanda mitatu ilikatika kabisa, wa nne ulibaki umeng'ang'ania kwa uzi. Halafu akakaa ubavuni mwa Bakary, amemlalia kifuani kwa uzito wake wote, akiukanda ule mkono wa kulia, mpaka Leonadi aliporudi na kichogo chake kipya.

“Mama! Umefanya nini? Mikanda ya Sista!”

“Tazama mkono kwanza. Ya Sista baadaye.”

“Nitamwambia! Nitamwambia umekata mali ya misheni kwa kisu cha jikoni!”

“Mwambie pia kinyozi kakunyoa vizuri.”

Leonadi akautazama mkono. Lakini mtu akishaona aibu hutafuta pa kuiweka, naye akaiweka kwenye ukali. “Haya. Sasa mgonjwa afungwe kwa kitu gani? Kwa maneno yako?”

“Kwa kitambaa. Mchome dawa ya usingizi, kaa naye wewe mwenyewe. Mimi nashuka dukani.”

“Vipo vitambaa vya bandeji, vyeupe, tele kabatini.”

“Cheupe usimguse nacho miguuni,” Apolonia akasema akiwa mlangoni. “Nitakueleza nikirudi, sasa sina nafasi.”

Hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe alikiri. Neno lisilofafanuliwa kwa mtu mwenye kiburi ni sawa na kutosemwa.

Duka la njia panda lilikuwa la Gulamali, Mhindi mzee aliyezaliwa Kilwa Kivinje na kusema Kiswahili cha kuwashinda wateja wake. Apolonia akamwambia atoe vitambaa, bafta, marekani, kaki na kaniki nyeusi, kila kimoja kidogo.

“Nipe na mkono wako,” akasema.

“Wa nini?”

“Nataka kuufunga.”

“Mama Apolonia, mimi nauza kitambaa. Mkono siuzi.”

Waliokuwa barazani wakaacha bao wakasogea kutazama. Gulamali akatoa mkono. Apolonia akakichovya kitambaa cha bafta kwenye mtungi wa maji, maana mgonjwa wa homa hutoka jasho, akakifunga.

“Vuta kama mwizi aliyekamatwa.”

Gulamali akavuta. Fundo likajikaza likauma. “Fungua, fungua!”

Marekani ilikuwa na dondo jingi, wanga wa kiwandani, ikakwaruza. Kaki pindo lake lilikuwa kali kama jani la mua. Kaniki ilikuwa afadhali, lakini mpya nayo ngumu. Apolonia akainua macho, akaona mlango wa nyuma wa duka umetundikwa pazia la kaniki kuukuu, lililofuliwa miaka hata likawa laini kama sikio la mbuzi.

“Nataka lile.”

“Lile ni pazia la nyumba yangu!”

“Nanunua kaniki hii mpya. Kisha nakupa uitundike, na mimi nachukua lile la zamani.”

Gulamali akamtazama akitafuta udanganyifu ulipo. Hakuuona. “Katika maisha yangu yote,” akasema, “sijapata kumwona mteja anayenunua kipya apewe kikuukuu.” Akalishusha pazia.

Apolonia alikuwa nusu ya mlima aliposikia kilio. Si kilio cha mgonjwa. Kilikuwa kilio cha mwanamke aliyefiwa, kile kinachopanda na kukatika na kupanda tena. Akakimbia.

Yaliyotokea ni haya. Bakary alikuwa amelala kwa dawa, kimya. Leonadi, kwa kuwa alitaka kuthibitisha kwamba kazi anaijua, alikuwa ametoa bandeji nyeupe. Akaifunga miguu yote miwili pamoja, akaanzia vidole gumba. Kidevu kilichopasuka akakizungushia bandeji nyeupe hadi utosini. Halafu akamfunika shuka jeupe hadi shingoni, mikono imenyooshwa ubavuni, akaenda zake kunawa. Ndipo Biasha alipoingia na kikapu cha unga, akamkuta mwanawe kidevu kimefungwa, vidole gumba vimefungwa, shuka jeupe. Watu wa pwani wanajua nani hufungwa hivyo. Hufungwa mtu aliyekwisha kata roho, asije akapoa mdomo wazi na miguu imetengana. Mama gani asingelia?

Kwa kilio kile Mzee Mfaume akaamka, akaingia, akaona, akaishika shingo ya kanzu yake akaipasua. Papo hapo akamtuma mbeba machela mmoja, mwenye mbio, ateremke Miteja wachimbe kaburi. Yule akaondoka hata maji hakunywa.

Na baada ya hapo Bakary akakoroma, mkono wake uliovimba ukachomoka shukani.

Biasha akairukia miguu ya mwanawe. Mzee Mfaume alisimama na nguo yake iliyopasuka, na hasira ikamwingia pale huzuni ilipotokea.

“Mmemvika sanda mtu aliye hai!” akanguruma. “Kwanza mmemharibia mkono, sasa mnamfundisha kufa! Leteni machela. Nampeleka nyumbani. Kuna fundi kwetu, ana mkatale wake, atamtia miguu ndani ya gogo mpaka hayo mapepo yachoke.”

Leonadi akasimama mlangoni amenyoosha mikono. “Hatoki mtu bila ruhusa! Nitaita askari wa jumbe!”

“Waite! Na wao uwafunge vidole!”

Apolonia aliingia akihema, kaniki kwapani. Hakuhitaji kuelezwa: mbeba machela mwenye mbio alimpita mlimani akitaja kaburi, na la gogo alilisikia tangu barazani. Alimwona Bakary, akawaona wabeba machela watatu waliobaki, akalitazama jua nje. Saa sita za njia, kichwa kikiwaka vile, na mwisho wa njia gogo. Kijana huyu asingefika, na akifika asingeondoka. Leonadi na askari wake wasingeweza kuzuia kitu. Mjomba ndiye mwenye mtoto, na sheria ya nyumbani inatangulia ya misheni.

Machela ilikuwa chini, tayari. Apolonia akaenda akalala juu yake. Akakunja pazia la Gulamali akaliweka chini ya kichwa, akaweka mikono kifuani, akafumba macho.

“Nini hii?” akauliza Mzee Mfaume.

“Maiti,” akajibu Apolonia. “Mmelia, mmepasua nguo, mmetuma mtu kuchimba. Kaburi liko njiani, maiti hamna. Nimewahurumia. Nibebeni mimi.”

Mbeba machela mmoja akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

“Wewe mwanamke, toka!”

“Mimi ni binti Rafaeli bin Nangonga.”

Mzee Mfaume akasita. Watu wa Nangonga na watu wa akina Mfaume walikuwa watani tangu babu za babu zao. Na mtani msibani ana haki yake. Huweza kulala kaburini, huweza kukalia jeneza, huweza kumwiga marehemu mbele ya wajane, wala hainuliwi kwa nguvu. Anayemwinua mtani kwa nguvu amejitafutia kilio cha pili. Mtani hugombolewa. Siku ya kuzikwa baba yake Mfaume, watu wa Nangonga walikalia jeneza tangu asubuhi mpaka walipopewa jogoo wawili, na Mfaume, wakati huo kijana, ndiye aliyewakimbiza hao jogoo.

“Msiba haujawa,” akasema, sauti imepungua. “Mtoto yu hai.”

“Yu hai?” Apolonia akafumbua jicho moja. “Alhamdulillahi. Kama yu hai, mtu aliye hai mwenye homa kichwani habebwi juani, arudishwe kitandani. Kama amekufa, mimi mtani, hamnipiti. Chagua, mzee wangu. Mimi hapa pananifaa, tangu asubuhi sijapumzika.”

Leonadi alibaki na mikono yake imenyooshwa mlangoni, hajui aishushe au aiache.

“Wewe ni Mkristo,” Mfaume akajaribu. “Una utani gani na sisi?”

“Nilibatizwa maji. Damu hawakuibadilisha.”

“Unataka nini? Jogoo?”

“Jogoo wako watakuwa wamekonda kama wewe. Nataka siku tatu. Siku tatu mtoto alale hapa, adungwe sindano zake, na mama yake akae kitandani pake. Hakuna ngozi, hakuna nguo nyeupe, hakuna mkatale. Siku ya nne, awe hai au amekufa, ni wako.”

Mzee Mfaume akamtazama dada yake. Biasha alikuwa ameshika miguu ya mwanawe, anang'oa ile bandeji nyeupe kwa meno.

“Mpe, kaka,” akasema bila kuinua kichwa. “Mpe siku zake.”

“Chukua,” akasema Mfaume. “Lakini siku ya nne ukilala tena kwenye machela yangu, nakubeba kweli, nakuzika kwenye hilo hilo kaburi.”

“Hakikisha ni refu. Mimi si mfupi.”

Akainuka, akaanza kazi.

Alichana pazia vipande vinne, akavikunja, akajaza sufi iliyotolewa kwenye mto wa kitanda, akashona juu juu. Akamwonyesha Biasha: ukishafunga, vidole vyako viwili lazima vipite kati ya kitambaa na mkono, visipopita legeza. Fundo alilotumia ni lile lile la mbeleko, ambalo mwanamke hulifunga mtoto akiwa mgongoni na sufuria iko motoni. Hushika siku nzima, na kwa mvuto mmoja likaachia. Biasha alilijua tangu zamani, hakuwahi tu kufikiri kwamba ni elimu. Kila kengele ya misheni ikilia, mkono mmoja unafunguliwa, unakandwa, unageuzwa, unafungwa, kisha mwingine. Na sharti kubwa kuliko yote: anayefungwa hakai peke yake. Amefungwa, basi kuna mtu. Hakuna mtu, basi hafungwi.

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Bakary alimtemea Apolonia mate, akamwita majina yaliyomfanya Biasha azibe masikio. Apolonia akasema, “Huyu ana afya, wafu hawana matusi mazuri hivi.” Mchana wa siku ya pili Bakary alichana kifungo kimoja, akamng'ata bega. Alama ya meno yale Apolonia alikuwa nayo mpaka uzeeni na aliionyesha kwa majivuno kama askari aonyeshavyo medali. Leonadi alikuja na sindano kwa saa zake, hakukosa hata moja, akachoma, akaondoka.

Alasiri ya siku ya tatu jasho likamtoka Bakary kama amemwagiwa ndoo. Akalala usingizi wa kweli. Alipoamka alimwona mjomba wake amekaa na kanzu iliyopasuka.

“Mjomba, nguo yako imefanya nini?”

Mzee Mfaume alitoka nje, akakaa huko muda.

Miteja kaburi lilikuwa limechimbwa, refu hata la kumtosha Apolonia, na kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, litaita mtu. Wakazika mgomba, wakausomea na dua fupi kwa tahadhari. Miaka mingi baadaye vijana wa Miteja walikuwa wakimwamkia Bakary, “Habari za ndizi?”

Lakini mkono wa kulia haukuamka pamoja na mwenyewe. Uvimbe ulishuka, rangi ikarudi, vidole vinne vikakunja kwa uvivu. Kidole gumba kililala kando kama si chake. Bakary alikikodolea macho. Mtu wa shamba bila gumba atashikaje jembe? Biasha alikifunika kile kidole kwa kiganja chake, kama mtu anayeficha kitu watu wasione.

Siku ya tano lori likaja na Sista Romana. Kabla hajajikung'uta vumbi Leonadi alikuwa ameshamwekea mezani vipande vya ngozi. Apolonia akaitwa. Akaja na mikono yenye maji.

“Nani amekata?”

“Mimi, Sista.”

“Ungemngoja Leonadi.”

“Mimi ningengoja. Mkono haukuweza.”

“Apolonia, mikanda hii imetoka Ulaya.”

“Na mkono ule umetoka Miteja, Sista. Ulaya watatengeneza mikanda mingine. Miteja hawatengenezi mkono mwingine.”

Sista Romana akapandwa na wekundu usoni. “Ningeweza kukufukuza kazi leo.”

“Nifukuze. Nitakaa pale barazani, na uji wangu mwenyewe, mpaka mgonjwa wangu ashuke mlima kwa miguu yake. Baraza ni la Mungu, nadhani. Lakini kabla hujanifukuza, mkanda mmoja haujakatika wote,” akausukuma mezani ule mkanda wa nne, “jifunge, bana kama alivyobanwa yeye, kaa mpaka kengele mbili zilie. Kisha niite unifukuze kwa mkono huo huo.”

Sista hakujifunga. Alinyanyuka, akaenda wodini, akaketi kitandani kwa Bakary, akauchukua ule mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku. Akaona mstari ulioachwa na ngozi, mweusi, umezunguka kama bangili. Akajaribu kidole gumba. Akajaribu tena. Aliporudi ofisini alivisukuma vile vipande upande wa dereva wa lori, akamwambia, “Funga nazi zako.” Kwa Apolonia akasema tu, “Hicho kitambaa cheusi. Shona vingine, vya vitanda sita.”

Apolonia hakumshukuru. Alisema atahitaji mapazia ya watu sita.

Yangeishia hapo angekuwa ameshinda, na wengi wangeridhika. Lakini alipotoka ofisini alimkuta Leonadi amekaa peke yake kwenye ngazi za mawe, ule ufunguo mdogo bado uko kwenye mnyororo wa saa, anauzungusha kidoleni.

“Inuka, Bwana Dresa.”

“Umeshinda, Mama. Niache.”

“Sijashinda. Kijana hana gumba. Inuka.”

Akamtangulia hadi kitandani kwa Bakary. Biasha alikuwepo, Mzee Mfaume alikuwepo, na Leonadi aliposimama mbele yao alishusha macho kwa mara ya kwanza tangu avae kaptura nyeupe. Apolonia akamsogezea kigoda, akambonyeza bega mpaka akaketi. Akauchukua mkono wa kulia wa Bakary akauweka juu ya magoti ya Leonadi, kiganja juu. Kando akaweka chupa ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto.

“Utaukanda asubuhi kabla hujanywa chai, na alasiri kabla hujaenda popote,” akasema. “Siku ya Jumapili pia. Watashuka Miteja wiki ijayo, na wewe utateremka kila Jumamosi, Sista nitamwambia mimi. Utaingia kwa mama huyu, utatoa salamu, utaketi chini, utakanda. Mwanzo hatasikia kitu. Halafu atasikia moto, atakutukana, usiache. Siku atakayoshika mpini wa jembe kwa mkono huu akalima tuta moja mwenyewe, uje uniambie. Si kabla ya hapo.”

Leonadi akamtazama Biasha. “Shikamoo, mama,” akasema.

Biasha alimpima kwa macho. “Marahaba,” akajibu. “Vua saa kwanza, itamkwaruza.”

Leonadi akaivua saa na mnyororo wake, akaviweka sakafuni, akamimina mafuta kiganjani.

“Anzia kwenye kifundo,” Apolonia akasema. “Taratibu. Shuka kwenye gumba.”